Skuli Nzima Iseme Yeye

Bustan, Oman, Jumapili

Kwa Bi Rahila, Mudiri wa Skuli,

Uone haya. Salamu zitakuja mwisho, ukizistahili.

Mimi ni Mahbuba binti Thani, bibi yake Balqis wa darasa la tatu. Nnakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu unakijua, usijitie kusahau. Mama yako Hasina na mimi tumekulia mtaa mmoja Unguja, tumekula sinia moja. Barua nimeiandika kwa mkono wangu. Skuli niliishia darasa la nne, lakini adabu niliimaliza.

Malalamiko yangu ni haya, na nimeyatia nambari ili usije ukasema hukuliona moja.

1. Wiki tatu zilizopita mwalimu wa Kiarabu aliwataka watoto kila mmoja aseme neno juu ya babake. Balqis akasimama, akasema kwa Kiarabu chake: babangu, hiya anafanya kazi bandarini. Hiya, yaani yeye wa kike. Darasa zima likacheka, na mwalimu nae akacheka. Nnakuuliza, kuna hata mmoja aliyedhani mwanangu Aflah kageuka mwanamke? Hakuna. Basi mlicheka nini? Tokea siku ile watoto wanamwita Bint Hiya, na tokea siku ile mtoto hafungui mdomo hapo skulini. Hata ruhusa ya kwenda chooni haombi. Anajibana mpaka nyumbani, anapita mbio na begi mgongoni, salamu yangu naipata nyuma ya mlango.

2. Mtoto asichanganyikiwe vipi? Kwenye Kiarabu chenu huwa ni yeye wa kiume. Kwetu huwa ni jambo la kila siku: huwa nnakunywa chai, huwa nnaumwa mgongo. Hiya kwenu ni mwanamke, kwetu neno la jirani yake ni haya, kitu ambacho nyinyi hamna.

3. Mkaleta karatasi. Ati mnataka kumsaidia, kwa hiyo nyumbani asemeshwe Kiarabu tu, Kiswahili kinamharibu. Aflah kaibandika kwenye friji kwa sumaku yenye sura ya ndizi. Juzi Balqis kaniomba hadithi ya sungura, babake akanitazama, nikanyamaza. Mimi! Marehemu mume wangu alijaribu kuninyamazisha miaka arubaini akashindwa, leo nimenyamazishwa na ndizi. Mtoto bubu skuli, bibi bubu nyumbani. Huo ndio msaada?

4. Nimeuliza nikaambiwa kwenye Kiarabu chenu jua ni mwanamke na mwezi mwanamume, meza mwanamke, kiti mwanamume. Nani aliwakagua? Nikaambiwa tena, ukihesabu wanaume watatu, ile tatu inavaa nguo za kike, na ukihesabu wanawake inavaa kanzu. Astaghfirullah. Nyumba yenye mambo hayo haina ruhusa ya kumcheka mtoto wa miaka minane. Na usinijibu habari za ki na vi za Kiswahili. Kikombe changu hakijaulizwa na mtu kama kitaoa au kitaolewa.

5. Sisi sote tuliotoka huko tulipita njia hiyo. Nilipofika Oman nilimpeleka wifi yangu kwa daktari, mume wangu kakaa pembeni. Nikamwambia daktari: huwa ana mimba. Daktari akamtazama mume wangu tumbo, na kusema kweli lilikuwepo. Hakucheka. Aliuliza tu, miezi mingapi? Wifi yangu akajibu mwenyewe, tukaendelea.

Na wewe, Rahila. Ulikuwa na miaka saba, soko la Matrah, ukamwita muuza vitambaa, mama wa watu, ya akhi, ndugu yangu mwanamume. Watu wakakuangulia kicheko. Ulikuja kujificha wapi? Ndani ya kanga yangu. Nilikufunika mpaka tukafika kwenye gari, na mama yako sikumwambia mpaka leo. Sasa wewe ndio mwenye skuli, na mjukuu wangu hana kanga ya kuingia.

Mtu mmoja tu hapo kwenu ana akili, Mwalimu Nur wa hesabu. Mapumziko anakaa na Balqis kwenye ngazi, wanagawana sambusa, hamlazimishi kusema. Balqis akirudi hana habari nyengine: yeye mpole, yeye hacheki watu, yeye ana gari safi.

Basi ombi langu ni dogo. Skuli nzima iseme yeye. Mtoto wa kiume yeye, wa kike yeye, mudiri yeye, jua yeye, meza yeye. Neno moja, linamwenea kila mtu kama shela, halimuulizi mtu kitu, halimuaibishi mtu. Yakishazoeleka hapo, Bustan tutayapokea, Qantab hapo jirani nitakwenda kusema nao mwenyewe, na huko Maskati kwenye maofisi utawaandikia wewe, maana una muhuri. Mtu akitajwa, inatosha kujua ni mtu. Alivyo ni baina yake na waliomzaa. Haja ya kujua zaidi mimi siioni, na mwenye kuuliza zaidi ni mmbeya.

Nisalimie mama yako na goti lake. Wasalimie walimu wote, hata yule aliyecheka, lakini yeye msalimie mwisho. Msalimie bawabu.

Ni mimi, asiyenyamaza,
Mahbuba binti Thani

Nilisahau jambo. Huyu Mwalimu Nur, ni mwanamume au mwanamke? Mwanangu Maan ana miaka thalathini na saba, ana kazi nzuri, hajaoa, na mtu mpole mwenye sambusa hapatikani kila siku. Akiwa mwanamume pia si hasara, yupo Rawya wa dada'ngu. Balqis siwezi kumuuliza. Bubu huko kwenu, lakini hapa nyumbani Maan atapata habari kabla wali haujakauka, na mimi nnataka kuja kupeleleza kwanza. Kwa hiyo ile karatasi yenu ifute leo, Balqis akae karibu na Mwalimu Nur, na jibu langu mpe mtoto alete, limefungwa vizuri. Neno moja tu: huwa, au hiya. Yeye usiniandikie, hainisaidii kitu.