Mbuzi wa Wivine na Mdomo Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Kasese nzima inaimba "Wivine, Rudisha Mbuzi"! Kinyozi anao. Muuza chapati anao. Hata boda aliyenitoa Rukoki aliupiga mluzi njia nzima. Ni wimbo wa Mawe ya Nyamwamba, bendi ya roki ya Gracien. Mpaka Desemba gitaa la besi nilikuwa napiga mimi. Nilijitoa. Nilimwambia Gracien hakuna wimbo wa mbuzi utakaovuma. Sikio langu hilo!

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Nani anaijua sura ya mtunzi? Nikashuka Bwera, mpakani na Kongo, siku ya soko, koti la ngozi na miwani nyeusi. Joto! Niliiva kama muhogo. Nikawaambia wauza samaki kuwa mtunzi ni mimi. Ikafika redioni, nikaalikwa. Mtangazaji akauliza kama Wivine yupo kweli. Nikasema yupo sana: alikula mbuzi wa mahari akakataa kuolewa, anauza vitenge sokoni humu humu, ana jino la dhahabu. Uongo mtupu. Gracien jina aliliokota hewani tu. Lakini utamu wa maneno!

Jumatano, 5 Machi
Yupo. Anauza vitenge. Jino analo.
Alinikuta nakunywa supu. "Ni weye uliniweka mu wimbo? Batoto beko banalia mee ku mulango yangu!" Akanitandika mdomoni kwa jora zima la kitenge. Nilidhani kitambaa ni kitu laini.
Kisha akalia. Mchumba wake, afande Omara wa kambi ya jeshi, hapokei simu tangu jana. Hapo niliona aibu ya kweli. Supu nikaiacha. Karibu yote.

Alhamisi, 6 Machi
Afande Omara mlangoni. "Wewe! Kuja hapa! Mbuzi iko wapi?" Nikaapa kwamba hakuna mbuzi, hajawahi kuwapo. Akanifikisha redioni kwa mwendo wa kijeshi. Nikatangaza, mdomo umevimba kama andazi: Wivine hajala mbuzi wa mtu, wimbo sikuutunga, na bendi yenyewe nilishajitoa.
Gracien akapiga simu, hewani, kunisahihisha. Eti sikujitoa. Walinifukuza.
Omara alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akampigia Wivine, sauti imelainika. Harusi ipo. Nimefurahi kwa ajili yao. Kwa ajili yangu, hapana.

Ijumaa, 7 Machi
Kliniki, Kasese. Nesi Kobusingye kahamia juzi kutoka Fort Portal, hajasikia lolote juu yangu. Alinisafisha kidonda huku simu yake ikiimba pole pole, kibao kipya, maneno siyashiki. Akasema yeye angemfulia hata soksi mtu aliyetunga maneno yale. Nikamwambia asihangaike kumtafuta, amelala mbele yake. Macho yalivyomng'aa! Akauliza niliwaza nini nilipoandika ubeti wa mwisho. Nikasema mdomo unauma.
Kesho niutafute wimbo wenyewe, nijue niliandika nini.