Kaimu wa Watu Wanane

Inatangazwa kwa watumishi wote, wa juu, wa kati na wanaofagia, kwamba Idara ya Makabidhiano Rasmi itashiriki mbio ndefu za kupokezana kijiti, kilomita arobaini na nane, kutoka mlango wa ofisi hadi uwanja wa makao makuu. Watakimbia maofisa wanane, kila mmoja kilomita sita. Idara hii imekabidhi mafaili, funguo, magari mabovu na lawama kwa miaka mingi bila kudondosha hata kimoja. Kijiti hakitaishinda.

Tangazo lilibandikwa ukutani, juu ya birika la chai. Aliyelibandika ni mhudumu wa ofisi, ambaye wote walimwita Konokono kwa sababu chai yake ilifika mezani imepoa. Hakuwahi kulikataa jina hilo. Alijua mwenyewe kwamba anatembea kama mtu anayeiomba sakafu ruhusa, tena aliona wamempendelea, maana konokono ana nyumba yake na yeye amepanga.

Akalisoma tangazo mara tatu. Shule aliiachia darasa la tano, kwa hiyo maneno marefu aliyavuka kama mtu anavyovuka mto, kwa kupumzika katikati.

Maofisa waliupokea mwito kwa moyo mkunjufu, kisha kila mmoja akaeleza kwa nini yeye hatakuwepo. Mkuu wa Idara alikuwa na goti. Naibu wake alisema hawezi kutoka ofisini siku ambayo Mkuu naye hayupo, kwa kuwa siku kama hiyo ameisubiri miaka tisa. Afisa Mipango alikuwa bado anapanga. Afisa Afya Kazini alijipima, akajionea huruma, akajiandikia mapumziko. Wengine watatu walifuata mfano wa wakubwa, kama ilivyo desturi ya kazi. Mwanasheria ndiye aliyeokoa jahazi: aliusoma waraka wa makao makuu kuhusu mbio akagundua kwamba ofisa ametakiwa kushiriki, na mtu anaweza kushiriki kupitia kaimu.

Ndipo barua za kukaimu zikaanza kushuka ngazi. Kila barua ilisema, "Kabidhi kwa aliye chini yako." Ilipofika Jumatano, zote nane zilikuwa kwenye sinia la vikombe. Konokono akatazama chini yake, akaona ndoo.

Mkuu alimwita ofisini.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Konokono, umepata nafasi adimu. Mtu mmoja kuaminiwa na watu wanane!"

"Ahsante, Mkuu." Akalikunja pindo la kitenge chake, akalikunjua. "Mkuu, na ile barua yangu ya ajira..."

"Ipo mkobani. Tumalize mbio kwanza."

Barua hiyo ilikuwa na umri wa miaka sita. Ilishapigwa mihuri yote, ikabaki saini ya Mkuu, na tangu hapo ilikuwa ikienda nyumbani kwa Mkuu jioni na kurudi ofisini asubuhi ndani ya mkoba wa ngozi. Lakini mara hii hakukuwa na mzaha. Makao makuu yalikuwa yameagiza kwamba kibarua yeyote atakayefika mwisho wa mwezi bila barua, aage. Mbio zilipangwa siku ya mwisho wa mwezi.

Nyumbani, mdogo wake alimuuliza kama alivyouliza kila jioni, "Dada, barua imetoka?"

"Iko njiani."

"Miaka sita njiani? Inatembea kwa magoti?"

Konokono aliinamia kazi yake. Alikuwa anatia nta uzi wa kushonea raba zake, na mdomoni alikuwa na sindano, sababu nzuri ya kunyamaza.

Saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya mbio alikabidhiwa kijiti mlangoni mwa ofisi. Mkuu na wenzake walikuwa wameshapigwa picha uani siku iliyotangulia, wakikimbia bila kuondoka walipo. Konokono mwenyewe ndiye aliyewanyunyizia maji usoni yawe jasho, na Naibu alilalamika kwamba jasho lake ni la baridi. Sasa wote, isipokuwa Naibu aliyebaki ofisini, walikuwa wanaelekea makao makuu kwa basi la idara, kukaa chini ya turubai pamoja na mgeni rasmi. Nyuma ya Konokono lilibaki gari moja, limebeba chupa ya chai, kitabu cha makabidhiano, mkoba wa Mkuu, na dereva aliyeitwa Breki kwa kuwa ndicho kifaa alichokiamini zaidi.

Kukimbia hakukimbia. Kila siku alitembea saa mbili kuja kazini na saa mbili kurudi, na miguu yake haikujua mwendo mwingine. Saa moja kamili alikuwa kituo cha kwanza, amenyoosha mkono na kalamu.

"Kaa hapo, dada," Breki alisema. "Kanuni za makabidhiano za Mkuu, kipengele cha tisa. Mpokeaji afike kituoni robo saa kabla ya mkabidhi."

"Lakini mkabidhi ni mimi, kaka. Nimefika."

"Umefika kama mpokeaji. Kama mkabidhi, bado uko njiani."

"Niko wapi?"

Breki akaitazama barabara walikotoka. "Kwa mwendo wako? Pale kwenye kona."

Akakaa juu ya jiwe, akajisubiri. Breki akammiminia chai. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunywa chai iliyoletwa na mtu mwingine, na alipoionja imepoa alifurahi kimoyomoyo, kwamba kumbe haikuwa yeye, ni umbali.

Saa moja na robo alifika. Mkono wa kulia ukaukabidhi wa kushoto kijiti, mikono ikapeana mkono kama kanuni inavyotaka, na kitabu kikatiwa saini mbili, moja ya Kaimu Mtunza Masjala na moja ya Kaimu Afisa Ugavi. Alijitahidi zisifanane, mtu asije akadhani ni udanganyifu.

Hivyo ndivyo alivyopanda cheo kilomita sita kwa kilomita sita. Kituo cha tatu alijikuta amekasirika. "Watu wengine hawana adabu ya muda," alisema akimsubiri aliyekuwa nyuma. Kipande cha Mwanasheria alikitembea pembeni kabisa mwa barabara, asije akashtakiwa. Wanawake wawili waliokuwa wakianua nguo walimpigia kelele, "We shoga, unafukuzwa na nani?"

"Sifukuzwi. Ninakaimu!"

"Haya, kaimu taratibu, usije ukaanguka!"

Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimetoboa raba na kinaangalia barabara chenyewe. Jua lilimpiga utosini. Lakini kwenye kipande cha saba, akiwa Kaimu Naibu, aligundua kwamba anatembea mikono nyuma, tumbo mbele, ingawa tumbo lenyewe hakuwa nalo. Aliona aibu. Akaishusha mikono. Baada ya muda mikono ikarudi nyuma yenyewe.

"Bosi, maji?" Breki aliuliza dirishani. Tangu kituo cha tano alishaacha kumwita dada.

"Nitayafikiria," alisema Konokono, kisha akashtuka, akayaomba vizuri.

Saa kumi kasoro dakika chache, sasa akiwa Kaimu Mkuu, alifika kwenye ukuta wa makao makuu. Nyuma ya kona, hatua mia moja kutoka kwenye turubai, alisimama Mkuu wa Idara. Alivaa suti mpya ya michezo yenye mikunjo ya dukani bado, na goti lake lilikuwa limepona.

"Hapo hapo! Lete kijiti, wenzio wanasubiri. Nimalizie mimi."

"Shikamoo, Mkuu. Kitabu kwanza."

"Kitabu cha nini? Mgeni rasmi ameshasimama!"

"Kipengele cha nane," Breki alisema kwa heshima zote. "Kijiti hakitoki mkononi bila saini mbili. Ulikiandika mwenyewe, Mkuu."

Mkuu akatia saini ya mpokeaji kwa hasira. Ikabaki ya mkabidhi. Konokono akaishika kalamu, na kalamu ikagoma. Maneno aliyokuwa nayo alikuwa ameyapanga tangu kipande cha pili, na sasa mengi yalikuwa yamekimbia, yakamwachia machache.

"Mkuu, barua yangu. Leo ni mwisho wa mwezi."

"Kesho asubuhi, mapema kabisa."

"Kesho mimi si mtu wa hapa."

Alisimama tu, kijiti kifuani, kama alivyozoea kusimama mlangoni na sinia akisubiri aambiwe "weka". Miaka sita ya kusubiri ilikuwa imemfundisha kazi hiyo, na Mkuu hakuwa ameisomea. Bendi ikaanza kupiga. Mkuu akatazama turubai, akatazama kijiti, akauvuta mkoba garini, akaichomoa barua iliyochakaa kwenye mikunjo, akaisaini juu ya boneti.

Breki akachungulia. Akakohoa.

"Samahani, Mkuu. Kipengele cha saba: mwenye kijiti ndiye mwenye cheo. Kwa saa hizi Mkuu ni huyu hapa. Saini yako ni ya mtu binafsi."

Mkuu alifungua mdomo, akakumbuka nani aliyekiandika kipengele cha saba, akaufunga.

"Basi asaini yeye! Upesi!"

Konokono akaisoma barua kwanza, kwa kidole, mstari kwa mstari, maana hakuwahi kuiona ndani. Kusafisha ofisi. Kuandaa chai. Kupeleka mafaili. Kisha, kwa mwandiko wa darasa la tano, herufi moja baada ya nyingine, Kaimu Mkuu wa Idara akamwajiri Konokono. Akapuliza wino ukauke. Akasaini kitabu. Akatoa kijiti kwa mikono miwili.

Mkuu akachomoka. Hatua ishirini za kwanza zilikuwa za kiongozi kweli, na turubai zima likapiga makofi. Ya arobaini ilikuwa ya mtu mzima. Ya sitini akasimama, mkono kiunoni, mdomo wazi kama samaki aliyetupwa ufukoni. Mgeni rasmi aliinua miwani. Mkuu akageuka, akakinyoosha kijiti kuelekea kwenye kona, akaita kwa sauti iliyobaki:

"Konokono! Njoo... unikaimu!"

Breki akamwangalia. Konokono alishaketi juu ya boneti, raba mkononi, anapapasa kidole chake kilichovimba. Alimhurumia Mkuu kwa dhati. Lakini alikuwa mtumishi wa kudumu sasa, kwa muda wa dakika tatu hivi, na tayari alihisi uzito wa utaratibu. Akaifungua barua, akaipitia tena yote, juu hadi chini, kwa kidole, bila haraka.

"Mwambie ningependa sana," alimwambia Breki. "Lakini kukimbia humu hamna. Aandike maombi."