Mti wa Rezo Uliokatwa Kutengeneza Jukwaa la Rezo

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mheshimiwa, ambaye hakufika kwa sababu ya majukumu mengi na barabara moja; wakubwa wa serikali wa katikati na wa pembeni; machefu wa vijiji na machefu wa machefu; mapadri, mapasta, na wale wanaoombea watu bila kibali; wafanyabiashara wa kutoka Butembo, ambao maduka yao yamefungwa leo kwa furaha na kwa amri; wakulima wa milima hii; wachungaji wa Kirolirwe pamoja na ng'ombe wao, maana naona ng'ombe wameitikia mwaliko kuliko watu; mama zetu, dada zetu; na mimi mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Mtarajiwa Séraphin, Mratibu Mkuu Msaidizi wa Muda wa Kudumu wa Projé ya Koneksio ya Kisasa ya Milima ya Masisi na Walikale, yaani mradi wa kuwaunganisha ninyi na dunia: itifaki ikiwa imezingatiwa, na jua likiwa limezingatia upara wangu, jambo yenu!

(«Jambo!» Makofi machache. Sekretere wake Benita, anayemshikia mwavuli, anapiga paja kwa mkono uliobaki.)

Wapendwa, mbele yenu amesimama mtu aliyetembea. Nimefika Kampala, nimefika Dubai, nimepita juu ya Ulaya kwa ndege na nikaziona taa zao kwa macho haya haya, na kila mahali nilipofika nilijiuliza swali moja tu, hata machozi yakataka kunitoka mbele ya wazungu: je, watu wangu wa Kirolirwe wataendelea mpaka lini kupata rezo, huo mtandao wa simu, kwa njia ya aibu? Maana nilikuta hapa, nyuma ya shapeli, kanisa lenu dogo, ule mti mkubwa wa karatusi, na ninyi mnatia telefone ndani ya kopo la nyanya, mnaivuta kwa kamba mpaka tawi la tatu, mnangoja mesaji iingie, mnaishusha, mnasoma, mnapandisha jibu, kama watu wanaochota maji mbinguni. Nikasema hapana. Taifa haliwezi kuendelea likiwa linaning'inia ndani ya kopo! Ndipo nilipoamuru mti ule ukatwe, kwa heshima zote, na leo mbao zake hazikupotea: ndizo hizi ninazozikanyaga. Tumeuchukua mti wa rezo tukatengeneza jukwaa la kuzindulia rezo, na hiyo, kwa lugha ya kitaalamu, inaitwa mwendelezo!

(Minong'ono. Mwanamke mmoja: «Mungu wangu! Njo muti yetu banakanyaga vile?» Mwingine: «Tangu Jumatatu sijapata sauti ya dada yangu wa Mpofi.»)

Nasikia shukrani. Pokeeni zangu pia. Jambo la pili nililolikataza ni hili la wachungaji kupigiana makelele kilima kwa kilima, habari ya Kirolirwe inafika Sake kwa koo za watu, tena habari yenyewe ni ng'ombe wa fulani amekula viazi vya fulani. Wageni wa kimataifa wakisikia watasema nini? Kuanzia leo, yeyote atakayepiga kelele toka kilima kimoja mpaka kingine atalipa faini ya mbuzi mmoja, mzima, asiyekohoa. Papa Sebahire, wewe mwenye koo kubwa kuliko wote, nakutazama.

(Sebahire, mchungaji mzee mwenye kofia ya sufu, ameegemea fimbo: «Nitazame tu, Papa. Macho haina faini?» Kicheko.)

Sasa tuingie kwenye kiini. Hii hapa, niliyoishika mkononi, ndiyo mashini ya mkono ya kisasa, telefone iliyosoma mpaka chuo kikuu, yenye lojisieli, yaani programu, ya koneksio ambayo haihitaji mti, haihitaji kopo, haihitaji hata mawingu kuondoka. Mmoja anaishika Kirolirwe, mwenzake anaishika Buleusa, wanaonana uso kwa uso mpaka yule wa Buleusa anajua wa Kirolirwe amekula nini. Antena yetu ya Mpofi imekamilika kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. Ofisi yetu ya Buleusa ina wafanyakazi wengi kuliko viti. Na tazameni kioo chake, wapendwa, hapa juu kwenye kona: mistari mitano ya rezo, imejaa! Mitano! Goma kwenyewe wanapata miwili na wanamshukuru Mungu!

(Makofi. Yanakatika. Mama Nyiransabimana anapanda kutoka mashambani, jembe begani, akihema: «Batu ya bunduki iko chini! Ku daraja, mu mianzi! Nimebaona na macho yangu, banakaa, banangojea gari!»)

Mama, karibu, lakini kuna itifaki. Tukio lako limepokelewa, na litapewa nafasi kwenye programu, mwishoni, chini ya mengineyo.

(Mama Kavira, mwenye duka la chumvi na sabuni, anaruka toka kwenye benchi: «Yesu! Bwana yangu Mbusa iko anapanda na Fuso! Alilala Sake, saa hii iko njiani, na batu iko wamejaa juu ya mizigo!» Kelele. «Mheshimiwa, si umesema mashini yako inaita popote? Ita Papa Mbusa basi! Umwambie asifike ku daraja!»)

Asante, mama Kavira! Asante sana! Mwaona, wananchi? Hata kama ningeupanga mfano huu ofisini nisingeupata mzuri namna hii. Mama ana shida, projé ina jibu, na mimi ni daraja katikati, daraja lisilo na mianzi. Tulieni, tuinstale lojisieli mbele ya macho ya wote, maana serikali haina siri. Kwanza inaniuliza kama ninakubali masharti. Masharti ni kurasa mia mbili. Nimeyakubali kwa niaba yenu, pamoja na watoto walio bado tumboni. Inauliza lugha. Kiswahili hakipo, Kihunde hakipo. Nimechagua Kichina, kwa sababu ni lugha ya heshima na inaendana na betri. Sasa inajipanga, inapanda, asilimia themanini, tisini, tisini na tisa... Inapumzika kidogo.

(Kavira: «Inaita?»)

Haiiti, mama. Inajiandaa kuita. Ni vitu viwili tofauti, hata Dubai hawavichanganyi.

(Kavira: «Papa, yule muntu haendeshake polepole! Atakuwa amefika mu kona ya daraja!»)

Hofu yako nimeiandika kichwani. Sasa, mashini ikisitasita, elimu ya dunia nzima inasema: unaizima, unaiwasha. Nimeizima. Nimeiwasha. Unaipuliza hapa pembeni, fuu, kwa sababu vumbi ni adui wa maendeleo. Unaielekeza magharibi kidogo. Benita, sogeza mwavuli, unaziba satelaiti! Kama bado, unaigonga, siyo kwa hasira, kwa uongozi. Kama bado, unatoa betri. Tazameni, betri hii hapa, nimeitoa, iko mkono wa kushoto, na mashini iko mkono wa kuume, na ile mistari mitano ya rezo ingali imejaa! Hata bila betri! Naomba makofi kwa teknolojia!

(Hakuna makofi. Sebahire: «Betri umeitosha mu mashini, na ile milaini inabakia?» Nyiransabimana, amesogea karibu: «Papa, ile iko picha. Banabandika na gundi. Ona, kona yake inainuka.»)

Ni... ni kinga ya kioo, mama. Usiiguse. Mikono yako ina udongo.

(Kavira, amesimama chini ya jukwaa, mkono juu ya mbao: «Ule muti ungekuwa umesimama, ningekuwa nimemwita zamani. Kopo iko mu duka yangu, kamba iko mu duka yangu. Ni muti tu unakosa.» Anamgeukia Sebahire. «Kaka, nakuomba.» Sebahire anavua kofia: «Mbuzi nitalipa.»)

Papa Sebahire! Nakukataza kwa mujibu wa tamko langu la dakika chache zilizopita! Wananchi, mnakwenda wapi? Rudini, sijafika kwenye takwimu! Mnaniachia ng'ombe!

(Watu wote wamemfuata Sebahire ukingoni mwa kilima. Anaziba masikio kwa vidole gumba, anapanua viganja mdomoni, na sauti inatoka ndefu kama pembe: «Eeeee wa ng'ambo! Ng'ombe ya mama Kavira, ile nyekundu, isishuke ku maji leo! Maji iko mubaya! Irudishe mu zizi!»)

Mnasikia? Mnasikia aibu hiyo? Tunazungumzia gari la mizigo na roho za watu, yeye anaita ng'ombe! Mama Kavira, wewe una duka, una ng'ombe gani wewe?

(Nyiransabimana: «Nyamaza, Papa! Fuso iko nyekundu. Na bale ba ku daraja nabo iko na masikio. Unataka tutaje jina ya gari njo babadilishe kona?» Kilima cha ng'ambo kimeipokea sauti, kingine nyuma yake kinaipokea, nyembamba zaidi, kisha kimya. Kavira amekunja kitenge chake mkononi, anakiuma kwa meno.)

Katika kimya hiki, wapendwa, niruhusuni niseme kwamba hata mashini yangu nayo ilikuwa karibu sana. Nadhani ilikuwa imebakiza asilimia moja. Tungeipa muda... Basi, nimenyamaza. Nimenyamaza, mama, usinitazame hivyo.

(Mbali, sauti ndogo inarudi kilima kwa kilima. Sebahire anasikiliza, mkono sikioni. Anacheka: «Banasema ng'ombe nyekundu imesimama, inarudi Sake. Na inauliza: maharagi ya leo iwekwe, ao iliwe?» Kavira anaketi chini kwenye majani, analia na kucheka pamoja: «Njo yeye! Kweli njo yeye! Mwambie iwekwe, mjinga yule!» Vigelegele, watu wanakumbatiana, ng'ombe wanakimbia.)

Mafanikio! Wananchi, mafanikio! Mmeshuhudia wenyewe: chini ya uongozi wangu, mesaji imetoka Kirolirwe, imefika kwa mhusika, jibu limerudi, bila mti, bila kopo! Nitaiandika kwenye ripoti kama awamu ya kwanza. Rezo oyé!

(Hakuna anayeitikia. Ng'ombe mmoja anaitikia.)

Milima yetu, rezo yetu! Kila mkono na mashini yake! Mbele daima, nyuma... Benita, nyuma ni wapi? Gari letu liko wapi? Tunarudi kwa njia gani?

(Benita, kwa sauti ya chini: «Njia iko moja, Mheshimiwa. Ile ya daraja.»)

Moja. Ndiyo. Moja.

Wapendwa, kabla ya kufunga, nina shukrani, na nitazitoa polepole kwa sababu naona sina haraka tena. Nawashukuru mafundi wa projé, ambao hawajaajiriwa. Naishukuru antena ya Mpofi, ambayo haijasimama wala haijalala, kwa kuwa haijazaliwa. Naishukuru ofisi ya Buleusa, ambayo ni jina nililolisoma kwenye karte, ile ramani ya ukutani. Namshukuru kijana wa duka moja la Goma aliyenitolea hii mashini dirishani, ya plastiki, ya kuonyesha wateja, na betri yake ndani ni kipande cha sabuni kilichofungwa karatasi. Projé yenyewe, ndugu zangu, ilikuwa ni picha: ninyi mkipiga makofi, mimi juu ya jukwaa, Benita abofye, niipeleke kwa wafadhili, waione, waseme hawa watu wameshaanza, tuwape. Nilidhani rezo ingekuja baadaye. Kweli nilidhani hivyo. Na mti wenu... ule mti, nawashukuru kwa mti. Mbao zake ni ngumu. Miguu inaniuma.

(Kavira anafuta uso kwa kitenge: «Shuka basi. Maharagi iko. Utakula na aibu yako.»)

Asante, mama. Papa Sebahire, kaka yangu, ile faini ya mbuzi nimeifuta, kwa dekré, amri ya mdomo, inaanza kazi sasa hivi. Mke wangu iko ananingojea kule Sake, kwa dada yake. Ukisikia mambo ya daraja ukiwa hujui bwana yako iko wapi... mama Kavira anajua. Nipigie sauti moja. Sema: Mheshimiwa Daktari Mtarajiwa Séraphin, Mratibu Mkuu Msaidizi wa Muda wa...

(Sebahire: «Eh, Papa! Ile haitafika hata ku kilima ya kwanza. Na jina ya muntu hatuite leo, umeambiwa. Nitasema hivi: ile ng'ombe ya Goma, ile nene, haina maziwa, inalala kwetu, iko nzima.» Kicheko kinashuka mlima mzima.)

Sema hivyo hivyo, Papa.

Atajua ni mimi.