Nusu Dakika ya Besi

Jumatatu, 4 Agosti
Zimebaki siku tano tamasha la jazi lifike. Mwaka wa kumi na moja nabeba besi iliyonizidi kimo, na mwaka wa kumi na moja simo kwenye orodha ya wanaopiga peke yao. Tarumbeta limo. Saksafoni imo. Hata mpiga dramu, mtu wa kuchelewa mpaka harusini kwake! Nikamwuliza kiongozi wa bendi nimemkosea nini. Kajibu eti besi ni msingi wa nyumba, na hakuna mgeni anayekaribishwa kutazama msingi. Haya. Msingi umechoka kukanyagwa.

Tatizo ni moja. Mama nimeshamwambia kwamba safari hii nitapiga peke yangu, watu wote wakisikiliza. Keshashonesha nguo.

Jumatano, 6 Agosti
Wazo! Wenzangu walipotoka kula mchana nilisingizia tumbo, nikabaki ukumbini na penseli. Kwenye karatasi ya noti ya kila mmoja, wimbo wa mwisho, nikaandika: WOTE KIMYA, BESI PEKE YAKE, NUSU DAKIKA. Nikaiga mwandiko wa kiongozi, hutofautishi! Hata karatasi yake mwenyewe sikuiacha. Hakuna atakayegundua mapema, maana wimbo wa mwisho huwa haurudiwi wiki ya tamasha. Kiongozi anaamini ukirudiwa sana unachuja.

Karatasi ya Mashavu, mpiga tarumbeta wetu, nimeikuta kichwa chini miguu juu. Ndivyo anavyoiweka miaka yote. Madaha tu.

Alhamisi, 7 Agosti
Mashavu kanivuta pembeni, kaninong'oneza siri. Eti hajui kusoma noti hata moja. Eti hupiga kwa sikio, na karatasi huweka ili kuficha kitambi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Huyo kanusa jambo, anataka kunipima! Sikumwambia kitu. Akili ni nywele, na zangu hazijaanza kunyonyoka.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama kapiga simu. Anakuja na shangazi, na wamepata viti vya mbele kabisa. Kaniuliza atajuaje wakati wangu umefika. Nikamwambia wengine wote watanyamaza. Kafurahi hadi akapiga vigelegele. Sipati usingizi.

Jumamosi, 9 Agosti
Wimbo wa mwisho. Palipoandikwa, bendi nzima ikanyamaza! Kiongozi akaikodolea macho karatasi, akaona mwandiko wake, akaafiki kwa kichwa. Nikavuta waya wa kwanza.

Na Mashavu akaendelea.

Macho kayafumba, mashavu kayatunisha, anapuliza! Kumbe alidhani wenzake wamenyamaza kumpa heshima yeye. Nikavuta kwa nguvu. Akapuliza zaidi. Nikavuta hadi waya ukakatika. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, na aliyeanza kusimama ni mama.

Baadaye alinikumbatia, akasema yule bwana wa tarumbeta kalelewa vizuri, na mimi nimesimama wima. Shangazi akauliza kama lile kabati nililolikumbatia jukwaani ni langu au la ukumbi. Imeniuma. Naandika hapa kwa kuwa sina wa kumwambia.

Jumapili, 10 Agosti
Kiongozi katangaza kwamba ile nusu dakika ni ya Mashavu kuanzia sasa. Anajisifu kwa wazo lake, ingawa hakumbuki aliliandika lini. Mashavu naye kaja na mikono miwili kunishukuru kwa kumsindikiza. Nikamwuliza kwa nini hakufuata karatasi. Kaapa tena kwamba hasomi, na kwamba Alhamisi aliniambia. Visingizio! Mtu mzima haoni haya.

Nimekaa, nimepima, kosa nimeliona. Ni penseli. Chini ya taa za jukwaani penseli haionekani. Mwakani natumia wino mwekundu, herufi kubwa, na karatasi ya Mashavu nitaipigia mstari mara tatu. Kalamu nimeshanunua.

Na mama nimeshamwambia.