Samaki Watano na Shamba la Karambi

Jumamosi, 24 Machi 2018

Nimepata dawa ya wanangu! Célestin, yule Mkongo wa Butembo anayeuza vitu vilivyotumika sokoni Bwera, kaniletea sanduku la kioo kutoka hoteli moja ya Kasese iliyofungwa. Na samaki watano wa maji ya bahari. Bluu tupu, mkia wa njano, urefu wa kidole. Aina moja, kama wa tumbo moja. Nimempa mbuzi.

Mpango: Nobert na Fred hawajasalimiana tangu tumzike mama yao, mwaka wa pili huu. Shamba la kahawa la Karambi. Kila mmoja anataka kipande chake, mimi nimekataa kugawa. Pasaka watakuja kula kwangu. Watakuta samaki wa ukoo mmoja wakikaa nyumba moja kwa amani. Wataona haya. Watakumbatiana. Mimi nitalia kidogo.

Célestin kaonya: muzee, hii samaki haipendi ndugu yake, weka moja tu, ao kila moja ikuwe na jiwe yake ya kujificha. Nimemwambia hii ni nyumba ya sala.

Jumapili, 25 Machi. Matawi

Nimerudi kutoka misa. Samaki mmoja, yule mkubwa, kashika jiwe. Jiwe lenyewe moja tu, niliweka kwa urembo. Anayesogea anang'atwa. Wengine wamejibana kwenye mashine ya hewa kama watu wanaongoja kuvuka mpaka wa Mpondwe. Nimesali mbele ya kioo. Mkubwa kanikodolea macho.

Jumanne, 27 Machi

Nimetoa jiwe. Bila jiwe hakuna cha kugombania!

Sasa wanagombania mchanga. Mmoja kafa. Hana mkia. Nimemzika nyuma ya jiko. Jirani yangu Rehemah kaniona na jembe, kauliza nafukia nini. Nikasema ndizi. Kapaza sauti hadi barabarani: ee muzee, Wiki Takatifu hii unavundika ndizi za pombe? Na wewe ni katekista! Sasa kijiji kizima kinanitazama vibaya.

Alhamisi, 29 Machi

Nimekuwa mjinga! Miaka kumi na moja niko kwenye kamati ya ardhi ya kijiji. Watu wakigombana hatuongei sana, tunapanda mimea ya mpaka, ile ya majani membamba ambayo hata ukiikata haifi. Ugomvi umekwisha.

Nimekata vipande kumi na vitatu kwenye ua wa Rehemah (hakuwepo). Nimevichomeka mchangani, mistari miwili, msalaba. Viwanja vinne, samaki wanne. Nimewasomea mipaka kwa sauti, kama tunavyofanya. Hakuna aliyepinga.

Ijumaa Kuu, 30 Machi

Mkubwa anapita mpakani kama haoni kitu. Mimea imelegea, inaoza, maji ni chai. Ile isiyokufa imekufa! Nilipokuwa natoka kwenda Njia ya Msalaba, samaki wawili walikuwa wameelea.

Célestin kaja, kachungulia, kavua kofia. Kauliza: muzee, ulipanda miti? Mu maji ya chumvi? Kisha kairudisha kofia kichwani, kaenda zake. Afadhali angecheka.

Jumapili, 1 Aprili. Pasaka

Amefufuka Bwana. Samaki, hapana. Wa nne kafa jana. Kabaki mkubwa.

Wamekuja, Nobert na mkewe Vasta, Fred na mkewe Sylivia. Nikawaonyesha hivyo hivyo. Nobert kauliza wenzake wako wapi. Fred kacheka kicheko kibaya, kasema: baba, umetuletea picha yetu, haya, sema huyu aliyebaki ni nani kati yetu.

Nobert hakucheka. Kaomba polepole, bila kupiga meza: baba, tupandie mpaka tu. Kila mtu ajue kwake. Nikikutana na Fred njiani nitamsalimia, naapa. Fred kaitikia kwa kichwa, kasema hata yeye. Walikubaliana! Mara ya kwanza tangu mazishi.

Lakini mimi nina ushahidi. Nikawaambia: mpaka nimeupanda wiki hii hii, na watatu wamekufa. Sitaua watoto wangu kwa mpaka.

Waliacha kuku mezani. Nobert kashika barabara ya Kisinga, Fred ya Karambi. Vasta kapiga magoti kuniaga, machozi yanamtoka. Nikala peke yangu. Kuku alikuwa mkubwa sana kwa mtu mmoja.

Jumatatu, 2 Aprili

Nimelia, nimesali, nimejibiwa. Kosa lilikuwa moja tu: wale samaki niliwapa nafasi kubwa mno!

Nobert na Fred, wake na watoto, watahamia ile nyumba ya mama yao shambani. Vyumba viwili, mlango mmoja. Jiko moja. Vasta na Sylivia watapikia chungu kimoja. Asiyehamia, shamba asahau.

Nimempeleka fundi Blasio akapime paa. Kazunguka nyumba mara mbili, kakuna kichwa, kauliza kama ajenge hata kaukuta kadogo katikati.

Nimemfokea. Ukuta wa nini? Hawa ni ndugu.