Chifu Afe au Aoe?

Jumatatu, 3 Novemba 2003. Kamembe.

Namshukuru Mungu kwa deki ya video, kwa spika mbili, na kwa sauti aliyonipa. Leo ukumbi wangu wa video ulijaa hadi mlangoni. Filamu mpya, imetolewa kwenye kile kitabu cha chifu anayeuza kisima cha kijiji ili ajichongee sanamu. Wanaongea Kiingereza. Kiingereza changu ni kidogo, lakini maikrofoni ni yangu, na mwenye maikrofoni ndiye anayefasiri.

Nilifasiri vizuri mno. Shida ilikuja mwishoni. Kitabuni chifu anakosa shaba ya sanamu, anapanda mwenyewe juu ya jiwe, anafia hapo amesimama, na watu wanaendelea kumwamkia kila asubuhi. Kwenye filamu anashuka, anaomba radhi, anaoa. Nusu ya ukumbi ilipiga makofi. Nusu nyingine, waliosoma kitabu shuleni, walisema kitabu kimehasiwa. Walibishana hadi stendi ya mabasi. Nilifurahi. Wabishi hurudi kesho.

Maman Bernadette, mama yake Patricie wangu, alikuwa upande wa makofi. Asante Mungu!

Jumanne, 4 Novemba.

Nilishukuru mapema. Maman Bernadette alifika nyumbani akamsimulia mumewe arusi nzima. Sasa huyo mumewe, Mzee Rutayisire, alikifundisha kitabu hicho Bukavu kwa miaka mingi. Nakala yake ilibaki huko vita vya '96 vilipowahamisha, na macho yake yameingia ukungu, hata angeipata asingeweza kuisoma. Filamu hii ndiyo ingekuwa kitabu chake kilichorudi. Ni mimi niliyemwahidi hivyo, nikitumaini atanipa siku ya kuja kumposa Patricie.

Alinipokea kwa ubaridi. Alisema chifu akioa, kisima kimeuzwa bure na hakuna aliyewajibishwa. Hawezi kumwoza binti yake kwa mtu anayetangaza uongo wa namna hiyo kwa spika. Maman akamjibu kutoka jikoni: "Tulishazika batu mingi, Papa Patricie. Uyu mumoja aoe tu." Baada ya hapo hawakusemezana.

Nilimwambia Mzee ana haki kabisa. Nikaenda jikoni nikamwambia Maman ana haki kabisa. Nikarudi sebuleni, nikasikia mdomo wangu ukieleza kwamba Maman aliona nakala iliyokatwa, na kwamba nakala kamili, yenye kifo, iko njiani kutoka Bujumbura. Uso wa Mzee ulichangamka. Alisema Jumamosi atakuja kusikiliza, na akisikia mwisho wa kitabu chake, siku ya posa ataitaja hapohapo.

Hakuna nakala Bujumbura. Lakini nashukuru kwa muda niliopewa.

Alhamisi, 6 Novemba.

Mpango umekamilika. Mzee haoni, anasikia. Basi chifu atakufa kwa sauti yangu. Maman hatakuwepo, Jumamosi huuza vitenge Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na hurudi jioni unapokaribia kufungwa. Watazamaji nitawaomba wanyamaze, nami nitawaonyesha filamu ya karate bure. Nani atakataa karate?

Nilipita famasi kumweleza Patricie. Alisikiliza huku anafunga vidonge vya mteja. Alisema: "Domi, sema tu ile unaona. Haiombi akili mingi." Nilimshukuru kwa ushauri. Sitautumia.

Kamali, mwenye ukumbi mwingine wa video hapa mjini, naye anamtaka Patricie. Aliniuliza habari za nakala ya Bujumbura, akitabasamu. Wivu.

Jumamosi, 8 Novemba.

Mzee alikuja amevaa koti la kufundishia, akaketi benchi la mbele. Kila sentensi yangu aliitangulia kwa midomo. Nilimwonea huruma, na nilijipenda sana kwa kumfanyia wema huu.

Ikafika arusi. Nikashusha sauti: chifu amekufa amesimama, kijiji kinalia. Kwenye skrini bibi arusi anakata keki. Watazamaji walifunga midomo, ahadi ya karate iliwashika vizuri. Mzee akauliza magitaa hayo ni ya nini. Nikasema ni orkesta ya matanga.

Hapo mlango ukafunguka. Maman Bernadette, amelowa mvua. Soko lilivunjika mapema, na Kamali alikuwa akimsubiri mpakani na pikipiki. Aliketi kando ya mumewe, akatazama keki, akanisikia nikilia machozi ya kijiji, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Ukumbi wote ukamfuata. Mzee akamwuliza kuna nini, naye akamwambia yote: gauni, keki, chifu anayecheza, na mimi ninayemzika.

Niliweka maikrofoni chini. Nilijua nimempoteza Patricie.

Mzee akasema kicheko hicho cha mkewe hakuwa amekisikia tangu watoke Bukavu, na alidhani nacho kilibaki kule pamoja na vitabu. Akamshika mkono. Akasema nije kumposa Patricie mwezi wa kwanza, kwa sharti moja: Jumamosi ijayo nimwekee tena filamu hiyohiyo, nimfasirie kinachoonekana, bila kuongeza hata nukta.

Nililia mbele ya watu, na machozi haya yalikuwa ya kweli. Asante Mungu. Asante Maman. Hata Kamali, asante.

Jumapili, 9 Novemba.

Nilienda misa kutoa shukrani. Nje ya kanisa Mzee alinivuta kando. Amefikiri usiku kucha: Maman ana haki, chifu aoe, yeye sasa anaingoja arusi. Baadaye Maman akanivuta upande mwingine. Naye amefikiri. Mzee ana haki, mwizi wa kisima asiozwe hivihivi, je, siwezi kumpatia yeye ile nakala ya Bujumbura, yenye kifo?

Nilimwambia Mzee ataipata arusi. Nilimwambia Maman ataipata ile ya Bujumbura.

Nimepata njia. Ni msimu wa mvua, umeme unakatika hovyo, hakuna atakayeshangaa. Chifu akishapanda tu juu ya jiwe, nitachomoa waya kwa mguu. Kila mmoja ataenda nyumbani na mwisho wake, nami na Patricie wangu. Namshukuru Mungu kwa akili aliyonipa.