Nilivyoshindwa Kuwa Maiti

Leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na nilikuwa nimevaa suti.

Naandika nikiwa saiba, kwenye kompyuta ya kukodi, hapa Machakos mjini, suti yenyewe bado iko mwilini. Mwenye saiba ameniuliza kama natoka harusini. Nimemwambia natoka matangani. Sikumwambia kwamba marehemu nilikuwa mimi.

Mnajua nimewasumbua sana kwenye hiki kikundi chetu na habari za ile tamthilia ya nyimbo. Kila Jumamosi nikitoka kiwanda cha nguo cha EPZ, ambako kazi yangu ni kushona zipu za suruali (jinzi yako ikikwama zipu, pole, huenda ni mimi), nilikuwa nakuja huku kufanya mazoezi kwenye ukumbi wa jamii. Hatulipwi. Soda tunajinunulia. Niliingia kwa sababu moja tu, na nitaisema bila kuzunguka. Nilitaka baba anisikie nikiimba.

Baba ni mzee wa kanisa kule Muthetheni, na kwaya ya pale yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Mwimbaji wake mkuu alikuwa kaka yangu, Kioko. Mimi nilisimama safu ya nyuma, nikaambiwa nifungue mdomo lakini nisisumbue watu. (Si utani. Alisema hivyo mbele ya akina dada wote wa alto.) Kisha Kioko akafa kwa ajali ya barabarani, karibu na Mlolongo. Siku ya mazishi, watu walipopanga foleni kuuona mwili, baba alikaa nyuma ya zizi na hakuja. Tangu siku hiyo ameacha kufundisha kwaya, na akiongea na mimi ni habari za ng'ombe.

Kwa hiyo nilipopewa wimbo mzima wa kuimba peke yangu, nilimpigia kupitia simu ya jirani yake. Akasema atakuja mvua ikimruhusu. Kwa baba yangu, hiyo ni ndiyo.

Kasoro ilikuwa moja. Katika mchezo wetu mimi ni mzee tajiri anayekufa sehemu ya kwanza, kisha roho yake inarudi sehemu ya pili kuwaimbia wanawe wasigombanie shamba. Ili nifike kwenye wimbo wangu, lazima nife kwanza.

Anayetuongoza ni Madam Mwende, mwalimu mstaafu, na hapendi mambo nusu nusu. Alitaka jeneza la kweli. Fundi wa jirani akatuazima moja lililokosa mnunuzi, kwa sharti kwamba kibandiko chenye namba yake ya simu kielekee kwa watazamaji. Lilikuwa fupi. Nililala nimekunja magoti kama mgeni aliyepewa kitanda cha mtoto. Halafu Madam akaja na pamba ya kuniziba pua.

"Madam, sasa nitapumua aje?"

"Umewahi kuona maiti inapumua?"

Pamba ikaingia.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na akina mama wa kanisa, wenzangu wa kiwandani, na Abdi muuza mbuzi, ambaye lori lake ndilo lililotubebea mabenchi. Kabla ya kufumba macho nilimwona baba akiingia na koti lake jeusi na mwavuli. Akakaa nyuma, karibu na mlango. Moyo ulinidunda hadi nikaogopa jeneza litatikisika.

Ilipangwa hivi: waigizaji wanne wapite kando ya jeneza, kwaya iimbe wimbo wa maombolezo, pazia lifungwe. Lakini Mutua, aliyekuwa anaigiza mwongoza shughuli, akanogewa. Akaongeza maneno ambayo hayakuwepo.

"Tutaanza na mstari wa mbele. Tunapita huku kushoto, tunaona mwili, tunatoka na kulia. Wazazi tubebe watoto."

Ndugu zangu, maneno hayo watu wa huku tunayasikia karibu kila Jumamosi ya maisha yetu. Kwaya ikaanza pole pole. Benchi la kwanza likalia kwii. Akina mama wakasimama. Nikangoja mtu acheke, hakuna aliyecheka. Kwetu mwili ukitazamwa hakuna mtu anayebaki ameketi, miguu inasimama yenyewe hata kama umelipa kiingilio. Wakapanda jukwaani mmoja mmoja, mikono nyuma, nyuso chini, na foleni ikafika mlangoni.

Nikaanza kutazamwa.

"Kwani huyu alikuwa anaumwa na nini?"

"Nasikia ni sukari."

"Lakini wamempaka poda vizuri."

"Poda ni sawa. Hii sanduku ndio fupi. Hii familia iko na uchoyo."

Abdi alipofika alisimama, akasema Innalillahi, kisha akamgeukia Mutua kwa heshima kabisa. "Huyu mzee yuko hapa tangu mchana. Si mumzike, jameni?"

Nyuma ya pazia nilimsikia Madam Mwende akininong'oneza kwa hasira nisithubutu kupumua. (Nilikuwa natumia mdomo, kidogo kidogo, kama mtu anayeonja uji wa moto.)

Kisha ikafika zamu ya baba. Nilimjua kwa harufu ya dawa ya nondo, kwa sababu koti lile hulala sandukuni mpaka kuwe na mazishi. Alisimama. Foleni nayo ikasimama. Nikajua sasa nitagombezwa mbele ya wilaya nzima.

Hakugomba. Alininyoosha tai. Kisha akaniwekea kiganja kwenye kipaji cha uso, kiganja kigumu cha mtu wa jembe, na akakiacha hapo. Sikumbuki lini baba alinigusa mara ya mwisho. Akainama.

"Kioko, mwana wakwa, mwanangu," akasema polepole. "Siku ile sikukuja. Miguu ilikataa. Lala vizuri."

Mimi si Kioko.

Niliona wivu. Nawaambia ukweli, nilimwonea wivu marehemu, tena ndugu yangu, na hapo hapo nikamhurumia mzee. Machozi yakaanza kunitoka macho yakiwa yamefumbwa. Msijaribu kulia mkiwa na pamba puani. Machozi yanashukia puani, pamba inalowa, inavimba, na inawasha. Baba akaondoa mkono na kusogea mbele. Nikajikaza.

Aliyemfuata alikuwa Mama Ndunge, mwenyekiti wa akina mama, na yeye hutazama maiti kwa karibu. Aliinama kabisa. Nikapiga chafya. Pamba ya upande wa kushoto ikatua kifuani pake.

"Aiiya!" Mkoba wake ukanipata shavuni. "Toka kwa jina la Yesu!"

Nikaketi ili niwatulize watu. "Tulieni," nikasema, "mimi ni mzima." (Siyo maneno ya kuwaambia watu ukiwa ndani ya jeneza.) Ukumbi ukawa mbio. Jeneza likateleza kutoka kwenye viti vilivyolibeba, likaanguka pamoja nami, na katika zile kelele zote fundi alikuwa anauliza kama mbao zimepasuka.

Sehemu ya pili haikuwepo. Watu walikataa kabisa kurudi ndani.

Nilimkuta baba nje ya lango, mwavuli kwapani, akielekea stendi.

"Toa hiyo pamba nyingine," akasema.

Nikaitoa. "Asa, baba, ngoja. Wimbo wangu bado. Nitakuimbia hata hapa."

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona tangu tuzike.

"Wewe imba tu na wenzako," akasema. "Mimi nimeshaongea na yeye. Nimechoka, nataka nifike nyumbani kabla ya giza."

Akanipa mkono, kama mtu anavyompa mfiwa. Akaenda. Nilibaki pale na suti na poda, na watoto wa mtaa wananitazama kwa mbali.

Kwa hiyo leo baba yangu amekuja kuniona jukwaani. Tafadhali mtu asinicheke. Nilimwita aje anisikie nikiimba, nikajikuta nimepewa nafasi ya maiti wa mtu mwingine, na hata hiyo nimeiharibu.